Buti la kwenye kioo halijawahi kukanyaga tope

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kipo chini ya mwarobaini, jirani na soko la Tandika, na gazeti lako hunifikia kwenye saa tano hivi, muuza kahawa akishamaliza kulisoma. Nimeona humu barua nyingi za watu wanaolalamika kwamba watoto wa siku hizi hawajui historia. Karibu zote zinailaumu simu. Mimi leo nataka kukilaumu kioo.

Mwezi uliopita shule anayosoma mjukuu wangu, yuko darasa la sita, iliwapeleka watoto kwenye jumba moja la makumbusho. Jina lake naliacha na mji wake pia, maana wahudumu walitupokea kwa heshima na sina ugomvi nao. Walimu waliomba wazazi wawili watatu wa kusindikiza. Mama yake yuko kazini, bibi yake ana magoti, nikaenda babu. Basi la kukodi, mihogo ya kukaanga njiani, nyimbo mpaka masikio yakachoka, mtoto mmoja akatapika kwenye kofia ya mwenzake. Tukafika.

Humo ndani kuna chumba cha Vita vya Kagera. Picha ya Mwalimu Nyerere, ramani yenye mishale myekundu, kofia ya chuma, chupa ya maji, na kwenye kabati la kioo jozi moja ya mabuti. Pembeni kikaratasi: "Mabuti ya askari, 1978–1979". Basi, hakuna zaidi.

Fundi viatu hawezi kupita kiatu bila kukitazama. Nikainama. Mhariri, yale mabuti hayakwenda vitani. Buti lililotembea lina mkunjo pale vidole vinapopindia, mkunjo usiotoka hata ulipake kiwi mwaka mzima, kama paji la mtu aliyezoea kukunja ndita. Kisigino chake kimeliwa upande mmoja, kwa sababu hakuna binadamu anayekanyaga sawasawa. Na kama liliwahi kulowa likakaukia mguuni, likalowa tena, kunakuwa na mstari mweupe wa chumvi kuzunguka pale ngozi inapokutana na soli. Yale ya kwenye kioo yalikuwa laini usoni, kisigino kizima, kamba zimefungwa kwa kitanzi kama za bwana harusi. Yalitoka stoo yakaingia kabatini.

Nikawa namwonyesha mjukuu wangu hayo kwa kidole. Kwa sauti, naona, maana masikio yangu si mazima tangu zamani na mtu wa namna hiyo hajui kunong'ona. Binti mhudumu akaja taratibu: "Shikamoo babu. Naomba usiguse kioo." Nikamwambia marahaba mwanangu, sikigusi, namfundisha huyu viatu. Akauliza nimejuaje. Nikasema nilivaa.

Hapo ndipo ziara ilipoanza. Watoto waliokuwa wamepita mbio mbele ya ramani na mishale yake wakarudi wote. Binti yule akaniletea kiti. Mwalimu alijaribu kuwapanga mstari, akashindwa, akakaa chini nao.

Swali la kwanza lilitoka kwa kijana mmoja mrefu: "Babu, uliua wangapi?" Mwalimu akamkemea. Sikumlaumu kijana. Kama kitu alichoonyeshwa ni bunduki, atauliza habari za bunduki. Swali la pili lilitoka kwa binti mdogo mwenye miwani, na mpaka leo nalihesabu kuwa ndilo swali bora nililoulizwa kuhusu vita ile kwa miaka yote hii: "Mlikuwa mnajisaidia wapi?"

Wakacheka, nami nikacheka, kisha nikamjibu, kwa sababu jibu lake ndilo vita yenyewe. Mkiwa kwenye handaki usiku huthubutu kutoka. Mwenzako wa lindo ana hofu kama yako, na kidole chake kipo kwenye bunduki. Ukitoka kwenda kichakani bila kutamka neno la siri la siku hiyo, au ukilisahau kwa usingizi, unaweza kupigwa na mtu mliyekula naye jioni. Kwa hiyo unabana. Unabana na tumbo linakuendesha, maana maji mliyokunywa ni ya dimbwini. Wale wasioweza kubana, hawakubana. Asubuhi mnaendelea kukaa humo humo. Binti yule hakucheka tena. Akaandika kwenye daftari.

Nieleze nilifikaje huko, kwa kifupi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera, na siku chache baadaye wakalivunja daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba tulimsikia Mwalimu akisema uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Nilikuwa na miaka 21, najifunza ufundi kwa mzee mmoja Temeke, na nilikuwa mgambo wa kata. Nia nilikuwa nayo tele. Uwezo nilipewa kwa wiki chache za mafunzo. Treni ya Reli ya Kati mpaka Mwanza, meli mpaka Bukoba, na kutoka hapo, kwa sehemu kubwa, miguu. Watu wakisikia tuliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979 wanadhani tulipanda magari. Magari yalibeba mizinga na risasi. Askari wa miguu anaitwa hivyo kwa sababu.

Na mimi kila jioni, kwa kuwa walijua kazi yangu, nililetewa viatu. Sikuwa na gundi wala ngozi. Nilikuwa na shazia moja niliyotoka nayo nyumbani, uzi niliochomoa kwenye magunia, na vipande vya tairi la gari lililoungua. Soli iliyoachama naishona, kisigino nakikata kwenye tairi, misumari naipata kwenye masanduku ya risasi. Niliona miguu mingi kuliko nyuso. Miguu iliyokaa ndani ya maji siku nne inakuwa myeupe na mikunjo kama ya mtu aliyefua nguo kutwa nzima, kisha ngozi inatoka na soksi. Mtu hawezi kulia kwa hilo mbele ya wenzake. Anauma kola ya kombati.

Sasa turudi kwenye kikaratasi kile. "Mabuti ya askari." Askari gani? Alivaa namba ngapi? Yalimkaa? Mimi mguu wangu ni namba saba. Nilipewa namba nane, nikajaza magazeti mbele. Hilo tu lingemwambia mtoto wa darasa la sita mengi kuliko mishale myekundu ukuta mzima.

Nasema watoto waguse. Nimewaeleza jambo hili watu wawili watatu wasomi wanaokuja kushonesha viatu, nao hujibu kwamba vitu vya kale vikiguswaguswa vinaharibika: jasho la mikono, mafuta, na kadhalika. Sawa. Jozi ya kweli iwekwe salama, ifungiwe. Lakini pembeni yake ziwekwe jozi sita za kuigiza, zimelowekwa maji na kukaushwa juani mpaka zikakamae, na mtoto atoe kiatu chake avae, azunguke ua mara tatu. Kuzitengeneza si kazi ya kuleta mtaalamu kutoka Ulaya. Nipeni ngozi, tairi na wiki mbili.

Pembeni liwekwe shanta lenye uzito wake halali, si la maonyesho lililojazwa sponji. Alibebe, apande nalo ngazi. Akifika juu akaambiwa hapo bado kilomita 20 na mvua inakuja, hilo hatalisahau kwenye mtihani.

Pia iwepo meza na kalamu. Mtoto aambiwe: mwandikie mama yako barua, mistari mitano, lakini usitaje uko wapi wala unakwenda wapi, maana hairuhusiwi. Na usimwambie unaogopa, maana hatalala. Amwambie nini sasa? Mimi niliwaandikia wenzangu barua nyingi za namna hiyo, hasa wale ambao mikono yao ilikuwa inatetemeka. Zote zilifanana: mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu ninyi. Tuliomaliza vita tunajua kilichokuwa ndani ya maneno hayo mawili, hofu na mashaka, tuliyoyasukumia nyumbani kwa kuwa hatukuwa na pa kuyaweka.

Kitu kimoja ninakikataa, na nakisema mapema kabla mtu hajatengeneza. Sitaki mchezo wa kupiga risasi kwenye skrini. Mwanangu wa kiume alinionyesha kwenye simu jinsi makumbusho za nje zinavyofanya. Mojawapo ipo Ypres, Ubelgiji, ya Vita Kuu ya Kwanza, na mgeni anavaa bangili mkononi inayomwezesha kufuata habari za watu waliokuwemo vitani. Hilo nimelipenda, kwa sababu unamfuata mtu, hufuati bunduki. Lakini wapo watakaodhani kuchangamsha makumbusho ni kuweka milio na moshi. Kama lazima pawe na sauti, wekeni vyura. Usiku wa kinamasini ni vyura. Wakinyamaza ghafla, hapo ndipo moyo unakukimbia.

Isidhaniwe kuwa haya ni mageni kwetu. Hapa hapa Dar, pale Kijiji cha Makumbusho ambako hata kituo cha daladala kimechukua jina hilo, zimejengwa nyumba za makabila mbalimbali, na mgeni anaingia ndani. Kuna milango ambayo lazima uiname ndipo upite. Mjukuu wangu yule yule alipelekwa huko akiwa darasa la tatu, na mpaka leo ukimtajia anainama kwanza ndipo anajibu. Mwili umekumbuka. Kwa nini tulipofika kwenye vita tukaamua kwamba macho peke yake yanatosha?

Nikiwa kwenye hilo, na Kariakoo je? Kila siku tunaisikia kwa makondakta, "Kariakoo, Kariakoo, Gerezani!", na abiria ukimuuliza atakwambia ni soko. Jina limetoka kwa wapagazi wa jeshi la Mwingereza, Carrier Corps, waliowekwa pale Vita Kuu ya Kwanza. Ng'ombe na farasi walikufa kwa mbung'o, kwa hiyo mzigo ukabebwa na vichwa vya watu, kilo 20 na kitu, mwendo wa kutwa, chakula haba. Mjerumani naye alikuwa na wapagazi wake, nao hawakupona zaidi. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na njaa. Mjini tuna Sanamu ya Askari tangu 1927, yenye maandishi ya Kiswahili na Kiingereza, na herufi za Kiarabu, na magari yanaizunguka mchana na usiku. Laiti pale karibu pangekuwa na mzigo mmoja wa saruji wenye uzito ule ule na kata ya kuwekea kichwani, mpita njia ajaribu. Wabeba mizigo wa Kariakoo ya leo nadhani wangekuwa wa kwanza kuunyanyua, na kuusema.

Lakini yote hayo, viatu, mizigo na vyura, ni nusu ya ninachoomba. Nusu nyingine ni sisi. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, viongozi huweka mkuki na ngao, upinde na mshale, shoka na mashada ya maua. Ni vyema, na mimi hutoa kofia hata nikiwa kibandani. Ila shujaa aliyekufa haulizwi swali. Aliye hai anaulizwa, na tuliobaki tunapungua. Wa mtaa wetu tulikuwa watano tuliorudi. Sasa tupo wawili, na mwenzangu kiharusi kimemchukua ulimi. Wekeni kiti na nauli ya daladala, Jumamosi moja kwa mwezi, mzee akae pale, watoto waulize wanachotaka, hata choo. Asiyetaka kujibu asijibu. Nami yapo niliyokataa kuwajibu siku ile.

Moja nalijibu hapa.

Kati ya Masaka na Kampala kuna mahali panaitwa Lukaya, barabara inapita katikati ya kinamasi. Brigedi yetu, ya 201, ilikuwa imejaa wanamgambo kama mimi, wengi hatujaonja mapigano. Tarehe 10 Machi 1979 Walibya waliokuja kumsaidia Amin walitufungulia roketi. Zilipita juu yetu zikaangukia mbali nyuma, naamini hazikumpata mtu niliyemjua. Lakini ule mlio, Mhariri. Sisi tulikimbia. Nasema tulikimbia, kwa kuwa kwenye ramani ya makumbusho mshale mwekundu haurudi nyuma hata mahali pamoja. Tuliingia kwenye mafunjo, maji kifuani, giza, mtu anamwita mwenzake kwa sauti ya chini kama anayemtafuta mbuzi. Tope likanivua buti la kushoto. Nilizamisha mkono mpaka begani nikalitafuta, nikalikosa. Usiku ule wenzetu wa Brigedi ya 208 wakazunguka wakawakata Walibya njia nyuma, na alfajiri ya tarehe 11 mambo yakageuka.

Kulipokucha nilikuwa na mguu mmoja mtupu, na Kampala bado. Pembeni mwa barabara palikuwa na maiti nyingi. Nilichagua. Fundi hachagui ovyo hata siku kama hiyo, nilitazama soli. Alikuwa kijana, Mlibya, umri wangu au pungufu. Namba 43, sawa na tisa yetu. Nilichukua la kushoto peke yake. Sijui kwa nini sikuchukua yote mawili, niliona kumwachia moja ni adabu.

Nikatembea hivyo mpaka mwisho, nane kulia, tisa kushoto. Vita ilipokwisha nilirudisha kombati, shanta, na kila cha serikali. Afande wa stoo aliyatazama mabuti, akaona namba hazifanani, akacheka, akasema ondoka na takataka zako. Nikarudi nayo Dar, tukaambiwa tufunge mikanda miezi 18, nikaanza maisha kwa kutoboa matundu mapya kwenye mikanda ya watu. Kazi hiyo nilifanya miaka mingi kuliko miezi 18.

Ndani ya ulimi wa lile buti kuna maandishi ya Kiarabu, wino. Miaka kumi na kitu iliyopita nilimpelekea ustadhi anisomee. Alisogeza taa, akasema ni jina, ila nusu limeliwa na maji. Nusu iliyobaki naijua. Siiandiki gazetini.

Tuliporudi kwenye ile ziara nilivuta kiroba chini ya kitanda nikamtolea mjukuu wangu. Hakuwahi kuyaona, hata mama yake hajui yapo. Akavaa yote mawili, akaburuta miguu mpaka mlangoni na kurudi, akasimama. "Babu, mbona la kushoto ni kubwa?" Nikakaa kitandani nikamweleza, kama nilivyoeleza hapa. Alivua lile la kushoto kwa mikono miwili, akaliweka chini polepole. La kulia akabaki amelivaa mpaka bibi yake alipoita chakula.

Kwa hiyo, wenye makumbusho, yoyote ile iliyo tayari: natoa jozi yangu bure. Namba hazifanani na nataka zikae hivyo hivyo, na kikaratasi niandike mwenyewe. Sharti langu ni kwamba yasifungiwe kwenye kioo. Mwenye kuyataka anikute Tandika, chini ya mwarobaini, siku zote isipokuwa Ijumaa mchana. Ila aje kabla ya masika, maana nyumba inavuja upande wa kitanda, na ngozi ile imeshalowa vya kutosha.

Wako katika kazi,
Fundi viatu (jina limehifadhiwa),
Tandika, Dar es Salaam